Umeripoti hitilafu, hakuna kinachobadilika: tafuta ugonjwa kabla ya kutoa hela

Mama mhasibu wa AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa huko Kibosho alinipigia asubuhi, sijafungua hata kufuli la kibanda changu karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya harakaharaka, kisha akasema: "Fundi, programu imekataa wanachama wote. Wote mia nne na kumi na wawili. Na wiki hii tunatoa malipo ya pili."

Programu yenyewe ni huria. Haiuzwi, msimbo wake, yaani maandishi ya amri zinazoiunda, uko wazi kwa yeyote, na anayeitunza ni bwana mmoja wa Ulaya anayeishughulikia jioni akishatoka kazini kwake. Hakuna namba ya huduma kwa wateja. Leseni za programu za namna hii karibu zote zina maneno yanayosema unapewa kama ilivyo, bila dhamana. Ukiharibikiwa, unaripoti.

Kuripoti ndiko kunakowashinda wengi. Mtu anaandika, anasubiri mwezi, halafu anakata tamaa au anakuja kuniuliza, "Kwani tukiwalipa?" Mimi huwa najibu kwamba hitilafu isiyorekebishwa ina ugonjwa wake, tofauti na hitilafu yenyewe. Ama ripoti haieleweki, ama imepelekwa kusikohusika, ama imeeleweka na imefika ila mwenye kuirekebisha hana muda. Hela inatibu huo wa tatu tu. Ukimlipa mtu ambaye hajaelewa shida yako, umemlipa ashangae.

Ripoti imefungwa siku hiyohiyo, wanasema si hitilafu

Uwezekano mkubwa wana haki. Mimi yalinikuta na LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi. Nilipakua taarifa ya miamala ya simu ya duka la shemeji, nikaifungua kwenye Calc, sehemu yake ya majedwali, nikajumlisha safu ya fedha. Jibu: sifuri. Safu nzima imejaa malaki, jumla sifuri! Nikaandika ripoti ya hasira, eti programu haijui hata kujumlisha.

Nilijibiwa kwa upole kuliko nilivyostahili. Kiasi kama 1,250,000 kina mikato ndani yake, na faili la CSV, aina niliyoipakua, linatumia mikato hiyohiyo kutenganisha safu, kwa hiyo kiasi hufungwa ndani ya alama za kunukuu. Lile dirisha linalotokea unapofungua CSV, ambalo wengi tunalibonyeza OK bila kulisoma, lina kisanduku cha kuamuru kilicho ndani ya alama za kunukuu kichukuliwe kama maandishi. Kwangu kilikuwa na tiki. Na maandishi hayajumlishiki. Nikaondoa tiki, shemeji akapata jumla yake.

Kwa hiyo kabla ya kuripoti, jaribu mambo mawili. Fungua faili hilohilo kwenye kompyuta nyingine. Halafu iwashe programu bila mipangilio yako; LibreOffice inayo hali salama ndani ya menyu ya Help, na Firefox vilevile. Shida ikitoweka, iko kwenye mipangilio au nyongeza ulizopachika, na ripoti yako ingewapotezea watu jioni yao.

Wanajibu kwamba kwao inafanya kazi

Hapa ndipo nilipokwama na faili la mama wa Kibosho, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa mbovu. Niliandika kwamba orodha inakataliwa, nikaweka picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa, nikamaliza kwa "tafadhali saidia haraka". Nikataja pia kwamba ilianza jana yake saa mbili usiku, nikalitafsiri hivyohivyo kwa Kiingereza. Yule bwana akaelewa ni saa nane usiku kwa hesabu yetu. Akaniomba logi, yaani kumbukumbu za programu, ya saa ile, nikamwambia saa ile sote tulikuwa tumelala, akaniuliza basi nani alikuwa anatumia kompyuta. Siku mbili zikaenda hapo. Sasa naandika 20:00, na pembeni naongeza kwamba sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa.

Akataka faili. Faili la AMCOS lina majina, namba za simu, akaunti za benki na kilo za kila mkulima. Huliweki hadharani hilo. Hata pasingekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wakulima wenyewe wangekufuata kibandani. Na kumtumia kwa siri hakumsaidii sana, maana mistari 412 ni mingi kwa mtu aliyechoka.

Dawa ni kukata. Nilinakili faili, nikafuta nusu ya chini, nikalipakia: limekataliwa. Nikafuta nusu tena, 103, limekataliwa. Ilipotokea nusu inapita, nilijua ugonjwa uko kwenye nusu niliyoifuta, nikairudia hiyo. Mara tisa tu, chai haijapoa, nikabaki na mstari mmoja. Ulikuwa wa mzee ambaye jina lake la ukoo lina *ng'* katikati, mfano wa Mang'enya. Nikafuta akaunti, nikafuta simu, nikafuta kilo. Bado. Nikafuta ritifaa, ile alama ya juu tuliyofundishwa shuleni kutofautisha *ng'ombe* na *ngoma*. Likapita.

Nikaandika tena, safari hii kwa kujiamini: jina lenye ritifaa linakataliwa, mfano huu hapa. Jibu likarudi kesho yake: amejaribu, kwake linapita.

Nilitaka kutukana. Ila nilipoitazama ripoti yangu kwa kukuza maandishi nikaona: niliiandika kwenye simu, na simu ikanisaidia bila kuombwa, ikaibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa jicho ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, na iliyopinda haikuwa na shida yoyote. Yule bwana alinakili mfano wangu na kujaribu kitu ambacho mimi sikukijaribu. Word nayo ina tabia hiyohiyo.

Tangu siku hiyo sibandiki mfano kwenye maandishi. Naambatisha faili lenyewe, dogo kadiri linavyowezekana, lenye jina la kubuni na simu ya sifuri tupu, nililolihakikisha kwa mikono yangu kwamba linaleta kosa. Na ripoti inakuwa hivi:

"Toleo la programu: (nakili namba kutoka kwenye dirisha la Kuhusu). Windows 10. Hatua: 1. Fungua programu, hifadhidata tupu. 2. Pakia faili lililoambatishwa, mstari mmoja. Nilitarajia: mwanachama mmoja aongezeke. Kilichotokea: ujumbe wa kosa ufuatao, nimeunakili neno kwa neno. Nikiondoa alama iliyo kwenye jina, inapita. Toleo la awali sikuwahi kulijaribu."

Hakuna "haraka", hakuna "mmeharibu". Hiyo sentensi ya mwisho ni ya thamani kuliko inavyoonekana: ukisema toleo la mwaka jana lilikuwa sawa, umempunguzia msanidi msitu wa kutafuta. Ana zana ya kukata historia ya msimbo nusu kwa nusu, kama nilivyokata orodha, mpaka aufikie mstari ulioleta shida.

Lugha pia. Kiswahili kwenye programu si kigeni. Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Lakini miradi mingi inapokea ripoti kwa Kiingereza. Kiingereza cha kuvunjika chenye hatua tatu kinamfaa msanidi kuliko cha insha kisicho na hatua. Menyu zako zikiwa za Kiswahili, zigeuze ziwe za Kiingereza kabla ya kupiga picha ya skrini, ili naye aone anachokijua.

Ila usimwachie roboti akuandikie. Daniel Stenberg, mwenye curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani mara nyingi kuhusu ripoti ndefu zilizotungwa na akili bandia, safi kwa sura, zinazoeleza hitilafu zisizokuwepo. Kutafsiri sawa. Kutunga, utafungiwa mlango, na utakuwa umewaharibia wengine wanaokuja nyuma yako.

Kabla hujabonyeza kitufe: je, ni tundu la usalama?

Nilimsimulia rafiki yangu mmoja anayefundisha mambo haya Arusha habari ya ritifaa, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akaniuliza, "Umeshaiweka hadharani?"

Alichokiona yeye ni hiki. Katika SQL, lugha ya kuzungumzia na hifadhidata, alama ileile iliyonyooka ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Programu ikichukua jina kama lilivyoandikwa na kulibandika katikati ya amri, ritifaa ya mzee wetu inafunga maandishi kabla ya wakati, na herufi zinazofuata zinasomwa kama amri. Kwa mzee amri hiyo haina maana, ndiyo maana kosa. Mtu mwenye nia mbaya angeandika baada ya alama amri yenye maana, ya kufuta jedwali kwa mfano.

Kitu cha namna hiyo hakiandikwi ukutani. Miradi mingi ina faili liitwalo SECURITY likieleza pa kuripoti kwa siri, na GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya namna hii, ina kitufe cha kuripoti tundu la usalama kwa faragha kama mradi umekiwasha. Usipoona lolote, mwandikie mtunzaji barua pepe. Mimi nilikuwa nimeshachelewa. Nilimwandikia kumweleza hofu yetu, akaificha ile ripoti mwenyewe.

Hakuna anayejibu kabisa

Angalia kwanza kama umegonga mlango sahihi. Programu uliyoipata kupitia Ubuntu au Debian, mifumo ya Linux, imepita mikononi mwa wafungashaji wa mfumo huo, na mara nyingi ni toleo la zamani kuliko la wenyewe. Ukiripoti hitilafu ya toleo la miaka miwili nyuma kwa msanidi, atakuuliza la sasa linasemaje. Ukiripoti kwa wafungashaji hitilafu ya msimbo wenyewe, watakuelekeza kwa msanidi. Jaribu toleo jipya kwanza, utajua uelekee wapi. Programu nyingine zimejengwa juu ya maktaba (vipande vya msimbo vilivyo tayari) au data za wengine: ramani inayokosea njia ya Machame huenda haina hitilafu yoyote, data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, ndiyo yenye kosa, na hilo unaweza kulirekebisha mwenyewe jioni moja.

Halafu angalia kama kuna uhai. Toleo la mwisho lilitoka lini? Ripoti za wengine zinajibiwa? Mradi uliokaa miaka mitatu bila mguso si wa kuuchangia, ni wa kutafuta nani ameuendeleza chini ya jina jingine.

Ikiwa mlango ni sahihi na mradi uko hai, subiri. Baada ya wiki mbili au tatu andika mara moja, ukiongeza kitu kipya, mfano kwamba umejaribu toleo jipya na hali ni ileile. Kuandika "vipi kuhusu hili?" kila Jumatatu hakuharakishi.

Na kuna sababu nyingine ya kutomkaba mtu. Maktaba ya kubana mafaili iitwayo xz ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zilianza kumlalamikia kwamba anachelewa, kwamba amkabidhi mwingine kazi, naye akaeleza kwamba hali yake ya afya ya akili si nzuri na kwamba anafanya hili bila malipo. Pembeni alikuwepo msaidizi mwema aliyejiita Jia Tan, akapewa nafasi taratibu. Machi 2024 ikagundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia mashine za watu. Aliyegundua ni Andres Freund, msanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL: aliona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde zaidi, hakupuuza, akapima, akafuatilia hadi kwenye chanzo. Nusu sekunde! Sisi huku mtandao ukisita sekunde kumi tunalaumu mvua.

Anajibu vizuri, anakubali ni hitilafu, ila anasema hana muda

Sasa ndipo unaweza kuzungumza hela.

Yule bwana alirekebisha ritifaa jioni moja. Mstari mmoja wa msimbo, labda miwili. Lakini mama wa Kibosho hawezi kutumia msimbo. Anataka faili la kubofya mara mbili kwenye Windows. Kutoa toleo ni kujenga kifurushi, kukijaribu kwenye mashine tofauti, kupitia sehemu nyingine zote zenye kosa la aina ileile, kuandika maelezo. Hilo alisema litamchukua siku mbili tatu, na hana siku hizo hadi likizo yake.

Nikamuuliza wazi: tukikulipa siku hizo, unaweza kuchukua ruhusa kazini? Akasema anaweza. AMCOS tatu zinazotumia programu ile zikakaa kikao, zikachanga laki mbilimbili. Kabla ya senti kutoka tuliandikiana mambo manne: kinachofanywa ni nini, kitajulikanaje kwamba kimekamilika, inakuwaje akishindwa, na kwamba kazi inabaki huria kwa wote. Cha pili nilikiandika mimi: faili letu la mstari mmoja lipakike kwenye Windows, na ritifaa ionekane kwenye stakabadhi iliyochapwa. Katibu wa chama kimoja alilalamika kuhusu cha nne. "Yaani tulipe sisi, na wengine watumie bure?" Mzee mmoja wa bodi akamjibu kwamba hata barabara ya kwao ilichongwa kwa michango ya watu saba na inapitwa na kata nzima.

Kwenye mradi mkubwa huwezi kumfuata mtu mmoja hivyo. LibreOffice iko chini ya The Document Foundation, taasisi ya Ujerumani; mchango wako kwao unaendesha mradi mzima, haununui hitilafu yako. Ukitaka hitilafu yako hasa, unaajiri msanidi au kampuni inayofanya kazi ndani ya mradi, na wao wana orodha ya wasanidi waliothibitishwa. QGIS, ya ramani, inachukua sehemu ya fedha za wafadhili na kuwalipa wasanidi kurekebisha hitilafu kabla ya kila toleo; wanaofanya kazi za hifadhi na utalii Arusha wangefikiria kuchangia huko kabla ya kulia kwamba ramani imekwama.

Zawadi za kutangaza, kwamba atakayerekebisha atapata dola kadhaa, sizipendi. Zinamvuta mgeni mwenye haraka, anaandika kiraka (marekebisho ya msimbo), anachukua hela, na mtunzaji anabaki kukikagua na kuishi nacho bila kupata kitu.

Hela haitoki

Kadi ikikataliwa, mara nyingi haijafunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, au kikomo cha siku ni kidogo. Nenda benki na kitambulisho. GitHub Sponsors, Open Collective na Liberapay, tovuti za kuchangia miradi huria, zote zinahitaji kadi au njia ya kimataifa, hazipokei kwa namba ya simu ya hapa. Kwa chama chenye wakaguzi, Open Collective inafaa kwa kuwa mapato na matumizi ya mradi yanaonekana na mhasibu anapata risiti. Na mkataba na mtu wa nje ya nchi una habari ya kodi ya zuio. Uliza kabla ya kulipa.

Hela imetoka, hitilafu ipo palepale

Ulichangia au uliajiri? Ukichangia harusi huendi jikoni kuamuru pilau. Mchango unamweka mtunzaji hai, na kuna miradi iliyowahi kukaribia kufa njaa huku dunia nzima ikila kwake: tundu la Heartbleed lilipotangazwa Aprili 2014, OpenSSL, inayolinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilikuwa ikipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Kama uliajiri, rudi kwenye maandishi. Kama hukuandika, ndio ugonjwa.

Wanasema imerekebishwa, kwako bado

Toleo lilitoka Ijumaa. Jumatatu mama akanipigia: "Fundi, hela za wakulima zimekwenda bure, inakataa vilevile." Nikapanda daladala mpaka Kibosho nikiwa na maneno ya kumwandikia yule bwana tayari kichwani.

Kwenye skrini kulikuwa na aikoni mbili zinazofanana, moja juu ya nyingine. Kisakinishi kipya kilikuwa kimeweka ya kwake, ya zamani ikabaki, na mama akibofya ile aliyoizoea, ya juu. Nikafungua dirisha la Kuhusu nikamwonyesha namba ya toleo: ya mwaka jana. Nikaiondoa ya zamani, nikapakia orodha kutoka kwenye ile iliyobaki.

"Mia nne na kumi na wawili," akasoma mama, kisha akashuka hadi herufi M, akaweka kidole juu ya kioo kwenye jina la yule mzee. "Na alama yake ipo. Haya, chapa."

Printa haikuwa na wino.